Mama Anataka Kufika kwenye Mwenge wa New York: Je, Atapanda?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mkazi wa Mbeya mjini. Mdogo wangu anahitimu chuo kikuu huko Newark, jimbo la New Jersey, katikati ya Mei, na mimi na mama tunakwenda kwa majuma mawili. Viza tunazo na tiketi za ndege tumekwisha kulipia. Mama ana miaka 67, ni mwenyeji wa Tukuyu, anatumia dawa za presha na magoti yanamsumbua tangu mwaka juzi. Ameomba kitu kimoja tu: afike kwenye Sanamu ya Uhuru na apande hadi kwenye mwenge, kwa sababu akiwa msichana alikuwa miongoni mwa walioupokea Mwenge wa Uhuru ulipopita kwao, na anasema anataka kuuona na wa wenzetu. Binamu yetu aliyeko huko anasema kuna watu karibu na bandari wanauza tiketi za kupanda mpaka juu kwa dola 90 kila mtu, tumtumie fedha mapema atushikie nafasi. Ndugu mwingine anasema kivuko ni bure. Mzee mmoja wa kanisa naye amemwambia mama kwamba ile ni sanamu ya kuabudiwa. Je, mama ataweza kupanda, na nilipie hizo tiketi?"

Marahaba, ndugu yangu, na hongera kwa mdogo wako. Nimelisoma swali lako mara mbili, kwa maana ndani yake yamo maswali manne yaliyofungwa pamoja kama mzigo wa kuni, na kamba iliyoyafunga ni moja, yaani mama anataka mwenge. Nitaanza na lililo la haraka. Usitume hizo dola 90. Mengine yote yanaweza kusubiri hadi jioni ukiwa umetulia, lakini hilo la fedha lizuie leo, na umpigie binamu yako kwa upole, kwa sababu huenda hata yeye hajui kwamba kitu anachouziwa hakipo.

Ninaposema hakipo sizungumzi kwa mafumbo. Hakuna mgeni yeyote anayepandishwa kwenye mwenge wa sanamu ile, awe Mmarekani au Mtanzania, awe na fedha kiasi gani. Njia ya kwenda huko ni ngazi nyembamba ya chuma inayopita ndani ya mkono ulioinuliwa, nayo ilifungwa kwa wageni mwaka 1916 na haijafunguliwa tena hadi leo. Usiku wa tarehe 30 Julai mwaka huo, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imepamba moto, maajenti wa Ujerumani walilipua shehena kubwa ya silaha iliyokuwa ikisubiri kupakiwa melini mahali palipoitwa Black Tom, upande wa Jersey City, jirani kabisa na kisiwa cha sanamu. Vipande vya chuma viliruka hadi kwenye sanamu, na mkono wenye mwenge ukaharibika. Mwambie mama kwamba ni mwaka uleule ambao Waingereza waliwaondoa Wajerumani Tukuyu. Vita ile ilikuwa na mkono mrefu.

Basi hao wanaouza "kupanda mpaka juu" wanauza nini? Nimewaona kwa macho yangu. Ukitoka kwenye stesheni ya treni ya chini ya ardhi kusini mwa Manhattan na kuielekea bustani ya Battery Park, watakupokea kabla hujayaona maji: vijana wachangamfu wenye vizibao vya kung'aa na kadi zinazoning'inia shingoni, mkononi wameshika picha ya sanamu iliyofunikwa kwa plastiki, na kila mmoja anakuambia kwamba foleni ya mbele ni ya saa nzima na zaidi, ila yeye anayo njia ya mkato. Mtu aliyezoea wapiga debe wa stendi zetu ataitambua lugha hiyo hata kama hajui neno moja la Kiingereza. Mara nyingi tiketi wanayouza ni ya boti ya matembezi, ambayo huizunguka sanamu kwa mbali na kurudi ilikotoka bila kumshusha mtu kisiwani. Si kwamba boti hizo zote ni za wizi, na matembezi yenyewe huweza kuwa mazuri, lakini aliyelipa akidhani atashuka kisiwani na kupanda juu ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kampuni inayoruhusiwa kuwashusha wageni kisiwani ni moja tu, Statue City Cruises, kwa mkataba na Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani, ambayo imeisimamia sanamu tangu mwaka 1933 kama TANAPA inavyosimamia Kitulo na Ruaha. Tiketi huuzwa kwenye tovuti ya kampuni hiyo na kwenye vituo vyake viwili, kimoja kikiwa ndani ya Castle Clinton, ngome ya mawe ya mviringo iliyomo katika Battery Park, na kingine kikiwa Liberty State Park, upande wa Jersey City. Nauli ya mtu mzima ni dola 25 hivi, na wenye miaka 62 na kuendelea hupunguziwa, kwa hiyo mama atalipa kidogo kuliko wewe. Kisiwa chenyewe hakina kiingilio. Mnacholipia ni kivuko, na kivuko hicho huwapeleka kwenye visiwa viwili, cha sanamu na cha Ellis, ambako kati ya mwaka 1892 na 1954 walipokelewa wahamiaji wapatao milioni 12, na makumbusho ya visiwa vyote viwili mnaingia kwa tiketi hiyohiyo.

Huyo ndugu aliyesema kivuko ni bure hakukudanganya, ila anazungumzia chombo kingine. Kipo kivuko kikubwa cha rangi ya chungwa kinachowavusha wafanyakazi na wakazi kati ya Manhattan na Staten Island, usiku na mchana, bila nauli, kwa safari ya dakika 25 hivi. Hupita mbele ya sanamu kwa umbali wa kuitazama vizuri, hasa mkikaa upande wa kulia wakati wa kwenda, lakini hakisimami. Ningekiweka kama akiba: siku yenu ya kisiwani ikiharibiwa na mvua, au mama akiamka amechoka, mnaweza kupanda hicho jioni moja na akaiona sanamu taa zikiwa zimewashwa bila kutoa hata senti.

Kwa kuwa mtafikia Newark, sioni kwa nini mjisumbue kuvuka mto hadi Manhattan ndipo mpande kivuko cha kurudi upande mliotoka. Pandieni Liberty State Park. Kituo chake kimo katika stesheni kongwe ya reli ambayo wahamiaji waliokwisha kupokelewa kisiwani Ellis waliitumia kupanda treni za kwenda bara, na kwa kawaida foleni yake ni fupi kuliko ya Battery Park. Tatizo lake ni moja, nalo kwa mama si dogo: kutoka kituo cha treni ndogo ya mjini hadi kwenye kivuko ni mwendo wa zaidi ya kilomita moja na nusu kwa miguu, juani na kwenye upepo. Mchukulieni teksi hadi mlangoni, magoti yake yahifadhiwe kwa ajili ya kisiwa. Vivuko vya upande huu hutia nanga kwanza Ellis, ndipo viende kwenye sanamu. Msishawishike kushuka Ellis asubuhi. Endeleeni na safari, muione sanamu mama akiwa bado na nguvu, kisha Ellis muipitie wakati wa kurudi. Tengeni nusu siku nzima, maana kabla ya kupanda kivuko kuna ukaguzi wa mizigo na miili kama wa uwanja wa ndege, na kisu cha kumenyea matunda, hata kiwe kidogo namna gani, kibaki nyumbani.

Sasa tuje kwenye taji, kwa sababu najua ukimweleza mama habari za mwenge atakuuliza, "Basi angalau kichwani?" Taji liko wazi, lakini kwa watu wachache kila siku. Tiketi zake huisha wiki nyingi kabla, na kwa miezi yenye wageni wengi hata miezi kadhaa kabla. Kila moja hutolewa kwa jina la mpandaji, na jina hilo hulinganishwa na kitambulisho chake. Kutoka juu ya jukwaa la mawe ambalo sanamu imesimama hadi kwenye taji kuna ngazi 162, wala hakuna lifti ya wageni.

Watu huniuliza kwa nini taifa lenye uwezo kama lile halijaweka lifti hadi kichwani. Jibu limo ndani ya mwili wa sanamu yenyewe. Ukiitazama kwa nje unadhani ni shaba nzito iliyomiminwa, kumbe ni ngozi tu, mabamba ya shaba yenye unene wa milimita 2.4 yaliyogongwa kwa nyundo juu ya kalibu za mbao huko Paris chini ya usimamizi wa mchongaji Frédéric Auguste Bartholdi, yakafungashwa kwenye makasha zaidi ya 200 na kufika New York kwa meli mwezi Juni 1885. Ngozi nyembamba kiasi hicho haiwezi kujishikilia yenyewe kwa kimo cha mita 46, ambacho ni kimo cha sanamu kutoka kisiginoni hadi ncha ya mwenge. Kwa hiyo mhandisi Gustave Eiffel, ambaye wakati huo alikuwa bado hajaujenga mnara wake wa Paris, alisimamisha nguzo kuu ya chuma katikati, na kutoka kwenye nguzo hiyo akatoa vyuma vyembamba vinavyoishika shaba kwa ndani na kuiachia nafasi ya kucheza kidogo, ili upepo wa baharini uitikise bila kuipasua. Upepo wa kilomita 80 kwa saa huisogeza sanamu sentimita saba hadi nane, na mwenge huyumba zaidi ya hapo. Mama ataielewa picha hii upesi kuliko wasomi wengi, kwa sababu nyumba za zamani za mianzi za Rungwe alizokulia zilisimama kwa mtindo uo huo: miti iliyosimikwa ardhini ndiyo iliyobeba, na mianzi iliyopangwa kwa nje ilikuwa vazi.

Nafasi ndogo inayobaki katikati ya vyuma hivyo ndiyo iliyopitishiwa ngazi. Ni ngazi mbili zilizosokotana kama nyuzi za kamba, moja ya kupanda na moja ya kushuka, na upana wake ni sentimita 48 hivi, yaani mtu mwenye mabega mapana hulazimika kuupinda mwili. Siku ya jua, joto la mle ndani huzidi la nje kwa nyuzi kumi au kumi na moja za Selsiasi, kwa kuwa shaba hupata moto kama bati. Nilipopanda mimi, kwa karibu robo saa sikuona chochote cha Marekani isipokuwa visigino vya mzee aliyekuwa mbele yangu, raba za bluu zilizolika upande wa nje, ambazo kila baada ya vidato vichache zilisimama, zikatulia, zikaendelea. Nilitamani kumwambia ageuke arudi, lakini nyuma yangu kulikuwa na watu na ngazi ile haina pa kupishana. Tulipofika juu tulikuta madirisha 25 madogo yaliyopangwa kwenye paji la uso, tukainama kwa zamu, tukaziona meli za makontena na kipande cha ule ubao ambao sanamu imeukumbatia. Kitu kimoja hatukukiona, nacho ni sanamu, kwa sababu tulikuwa ndani yake.

Nimekupa habari hizo kwa urefu ili ujue kwamba mama akikosa taji hakosi kile anachokidhania. Wala usijidanganye kwamba sisi tunaoishi mita 1,700 juu ya usawa wa bahari tutazichukulia ngazi hizo kama mchezo. Ni kweli kwamba mtu wa Mbeya akishuka pwani pumzi yake hupata ahueni, lakini goti halipandishwi daraja kwa kuishi mlimani. Isitoshe, goti bovu huumia zaidi wakati wa kushuka kuliko wakati wa kupanda, kwa kuwa kila kidato huliangushia uzito wa mwili huku msuli wa paja ukijitahidi kuuzuia. Mtu yeyote aliyewahi kurudi kutoka kreta ya Ngozi njia ikiwa na utelezi analijua hilo hadi kwenye mifupa. Kwa mama mwenye presha na magoti ya namna hiyo, jibu langu kuhusu taji ni hapana, na nalitoa bila kusitasita. Wewe waweza kupanda ukipata nafasi, lakini mama atakusubiri chini peke yake kwa muda usiopungua saa moja katika nchi ngeni, na kwa maoni yangu haifai.

Chagueni jukwaa. Tiketi yake huongeza fedha kidogo sana juu ya nauli ya kivuko, nayo pia ina idadi maalumu kwa siku, hivyo inunueni sasa, msingoje kufika. Ndani ya jukwaa kuna lifti, na wenye nguvu wana ngazi zaidi ya mia mbili za kuchagua wao wenyewe. Mabegi huachwa kwenye makabati kabla ya ukaguzi wa pili, kwa hiyo dawa za mama na chupa ya maji ndivyo vitu vya kushika mkononi. Juu ya jukwaa mtasimama chini ya pindo za vazi la sanamu, mkiwa na bandari yote mbele yenu, na mkitazama ndani kwa juu mtaviona vyuma vya Eiffel vikipotelea gizani. Lifti, kama mashine yoyote, huwa na siku zake za matengenezo, na yawezekana pakabaki vidato vichache vya kumalizia. Kabla hamjaingia, mwulizeni mlinzi wa hifadhi aliyevaa kofia pana, na msione haya kumwambia wazi kwamba mama ana magoti mabovu. Pale kisiwani huwa pia na viti vichache vya magurudumu vya kuazima, na anayewahi ndiye apataye. Jukwaa hilo, kwa taarifa ya mama, lilijengwa kwa harambee. Fedha zilipokwama mwaka 1885, mhariri Joseph Pulitzer aliwaomba wasomaji wa gazeti lake wachange, na zaidi ya watu laki moja walichanga, wengi wao wakitoa chini ya dola moja.

Na mwenge? Hapa nina habari ambayo nadhani binamu yako na yule ndugu mwingine hawakukwambia. Mwenge unaoonekana leo juu ya sanamu si ule wa mwaka 1886 sanamu ilipozinduliwa. Ule wa kwanza ulitobolewatobolewa tangu mwanzo ili taa ziweze kuwaka ndani yake, na mwaka 1916 fundi aliyeitwa Gutzon Borglum akaikata shaba ya muali wake na kuweka mamia ya vipande vya kioo cha rangi ya kaharabu. Ulipendeza usiku, lakini kila ungio la kioo na shaba lilikuwa mlango wa mvua. Maji yakaingia miaka nenda rudi, vyuma vya ndani vikaliwa na kutu, hata wakati wa ukarabati mkubwa wa miaka ya 1984 hadi 1986 mafundi wakaona hautengenezeki. Waliutengeneza mpya usio na tundu hata moja, wakaufunika kwa karatasi nyembamba za dhahabu, na ukamulikwa kwa taa kutoka nje. Ule wa zamani haukutupwa. Umewekwa katika jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 2019 palepale kisiwani, hatua chache kutoka kwenye sanamu, katika ukumbi wenye kuta za kioo. Hakuna ngazi ya lazima, na mama atausimamia uso kwa uso, mwenge uleule uliokuwa juu ya bandari kwa karibu miaka mia moja, atahesabu vioo vyake na kuona mahali vilipoungwa. Aliyepanda kwenye taji haukaribii mwenge kiasi hicho.

Atashangaa pia kuona rangi. Picha za kalenda zimetuzoesha sanamu ya kijani, na wengi hudhani ilipakwa. Haikupakwa. Ilipozinduliwa ilikuwa ya hudhurungi inayong'aa, kama ile senti tano yetu ya zamani ilipokuwa mpya, ambayo mama bila shaka anaikumbuka. Unyevu, chumvi ya bahari na moshi wa makaa ya mawe uliiunguza shaba polepole, kwanza ikawa nyeusi, kisha ikafanya utando wa kijani. Mwaka 1906 serikali ilipofikiria kuipaka rangi kwa nje, wananchi walipiga kelele na mpango ukaachwa, na ikawa heri, kwa sababu kutu ya shaba si kama kutu ya bati. Ya bati hula hadi kutoboa, ila hii ya kijani hujishikamanisha na kuikinga shaba iliyo chini yake.

Kuhusu mzee wa kanisa, naomba umjibu kwa heshima, kwa kuwa ana punje ya ukweli. Umbo la yule mwanamke lilichukuliwa kutoka kwa Libertas, ambaye Warumi wa kale walimhesabu kuwa mungu wa kike wa uhuru. Hata hivyo hakuna anayesali pale, wala hakuna madhabahu, sadaka au ubani. Ni mnara wa ukumbusho, kama ilivyo sanamu ya Askari pale Dar es Salaam. Aliyelitoa wazo la zawadi hiyo ya Wafaransa, Édouard de Laboulaye, alikuwa mpinzani wa utumwa, na miguuni pa sanamu pako mnyororo uliokatika ambao ukisimama chini huuoni vizuri. Waonyesheni mama na mzee huyo picha ya mnyororo huo kabla ya safari. Nadhani mazungumzo yatabadilika.

Sasa yale ambayo mimi siwezi kuyamaliza kwa maandishi. Mpeleke mama kliniki yake ya presha si chini ya mwezi mmoja kabla ya kuondoka, na umwambie daktari bayana kwamba atakaa kwenye ndege kwa saa nyingi, ili apime presha, ayatazame magoti na aseme kama kuna dawa ya kubadilishwa. Ombeni barua yenye majina ya dawa zake, chukueni za kutosha safari nzima na siku kadhaa za ziada, na zote ziwe kwenye begi la mkononi, kwa sababu begi la chini likipotea Addis Ababa au Doha halirudi kwa wakati wa dozi. Shirika la ndege liombwe mapema kiti cha magurudumu cha uwanjani, ambacho hakilipiwi. Ndani ya ndege asimame na kutembea kila baada ya muda, anywe maji, na miguu aichezeshe akiwa amekaa. Baada ya kufika, mguu mmoja ukivimba na kuuma, au akapata maumivu ya kifua au kukosa pumzi, msingoje kunishauri mimi wala kumkanda kwa maji ya moto. Pigeni 911 au mkimbilieni hospitali, kwa maana hizo huweza kuwa dalili za damu kuganda. Matibabu kule ni ghali mno, kwa hiyo bima ya safari inunuliwe hapa kabla ya kupanda ndege. Na ingawa viza mnazo, masharti ya kuingia Marekani hubadilika, hivyo ulizeni tena ubalozi na shirika la ndege siku chache kabla ya kuondoka.

Katika wiki ya mahafali, siku ya kisiwani isiwe ya kwanza wala ya pili. Mwezi Mei saa za New York ziko nyuma ya zetu kwa saa saba, na mwili wa mzee huchukua siku kadhaa kukubali. Sweta la Juni la Mbeya litamtosha kabisa kwenye maji.

Mwisho ni la karatasi, na hili limewaangusha wengi. Wamarekani huandika mwezi kabla ya siku. Niliwahi kuisaidia familia moja ya Makambako iliyojilipia tiketi ya 05/06 ikimaanisha tarehe 5 Juni. Tulipoifungua ofisini kwangu tulikuta siku yao ilikuwa tarehe 6 Mei, nayo ilikwisha kupita. Ukifika kwenye kalenda ya tovuti, litazame jina la mwezi, usitazame tarakimu. Vivyo hivyo saa: tiketi ikisema 9:00 AM, hiyo ni saa tatu asubuhi, wala si saa tisa. Jina la mama liandike kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, hata kama nyumbani hakuna anayemwita hivyo. Kama una wasiwasi, njoo na simu yako ofisini tuibonyeze pamoja kabla fedha hazijatoka.

Picha ya mama mpige kule makumbusho, mwenge wa zamani ukiwa pembeni yake, nawe usogee hadi sanamu yenyewe ionekane nyuma yake kupitia kioo. Kuugusa hataruhusiwa, kwa hiyo umwambie hilo mkiwa bado kwenye kivuko.